Kuondoa zebaki kinywani bila kuongeza mapengo: shajara ya mradi

Kazi ya mradi ni moja: amalgamu, yaani kizibo cha meno chenye zebaki, iondoke kwenye kliniki za meno Tanzania, na kila tundu ambalo leo linazibwa kwa amalgamu liendelee kuzibwa. Nusu ya kwanza ya sentensi hiyo imekwishaamuliwa mbali na hapa. Nusu ya pili ndiyo inayowadai madaktari bingwa watoke kliniki, wakakae mezani na watu wa ununuzi, wa bima na wa mazingira. Uchechemuzi wa namna hiyo haufundishwi kwenye shahada ya uzamili. Shajara inaandikwa ili kikundi kingine, kiwe cha Mbeya au cha Mombasa, kisirudie makosa yaleyale.

Kikundi kazi kina watu 7: mabingwa 2 wa meno ya watoto, 2 wa kuziba na kurekebisha meno, 1 wa afya ya jamii ya kinywa, tabibu meno 1 na mfamasia 1. Mfamasia aliongezwa wiki ya 4, na sababu yake itaonekana. Wiki ya 1 ni ya kwanza ya Desemba 2025.

Wiki ya 1 na 2. Nyaraka kwanza

Barua haiandikwi kabla ya faili. Limejengwa faili moja la nyaraka zinazoweza kutajwa mbele ya ofisa yeyote na zikasimama.

Ya kwanza ni Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa 2013, ukaanza kutumika 2017, na Tanzania ikauridhia 2020. Kiambatisho A, sehemu ya pili, kinataja hatua 9 za kupunguza amalgamu, na nchi ilitakiwa kuchukua angalau 2. Wengi hulitaja jina la mkataba bila kuzijua hizo 9, na ofisa aliyeusoma huligundua hilo ndani ya dakika mbili. Zenye uzito kwa mradi huu ni nne: kutumia amalgamu ya kapsuli tu (iliyokwishapimwa na kufungwa mojamoja), bima kuacha kuipendelea amalgamu kuliko vizibo visivyo na zebaki, vyuo na vyama vya taaluma kufundisha njia mbadala, na kliniki kuzuia zebaki isifike kwenye maji na udongo.

Ya pili ni uamuzi wa mkutano wa nne wa nchi wanachama, uliomalizika Bali Machi 2022. Uliongeza masharti mawili yasiyo ya kuchagua: zebaki ya chupa isitumike na madaktari wa meno, na amalgamu izuiwe, au nchi ishauri isiwekwe, kwenye meno ya utoto, kwa mgonjwa wa chini ya miaka 15, mjamzito au anayenyonyesha, isipokuwa daktari akiona ni lazima kwa hali ya mgonjwa huyo. Ya tatu ni uamuzi wa mkutano wa sita, Geneva, Novemba 2025: amalgamu ikome ifikapo 2034. Umoja wa Ulaya ulikwishaacha kuitumia tangu Januari 1, 2025, ukibakiza nafasi ya hitaji la kitabibu.

Ya nne ni orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Toleo la 2021 liliweka sehemu ya dawa za meno yenye floraidi, saruji ya glasi-ayonoma na floraidi ya fedha (dawa ya kupaka jino lililotoboka). Toleo la 2023 likaongeza kompoziti, yaani kizibo cha resini. Ya tano ni mpango kazi wa shirika hilohilo wa 2023 hadi 2030, unaotaka asilimia 90 ya nchi ziwe zimechukua hatua za kupunguza amalgamu au zimeiacha kabisa.

Kilichokwama: rasimu ya kwanza ilichanganya "kupunguza" na "kukomesha". Mkataba wa 2013 ulisema kupunguza. Uamuzi wa 2025 unasema kukomesha. Mwanasheria wa serikali akikuta maneno hayo yamebadilishana nafasi, karatasi nzima inapoteza heshima. Dawa yake ni jedwali dogo la safu tatu, mwaka, chombo kilichoamua na kitenzi chenyewe, kisha kila sentensi ya rasimu ikapimwa kwa jedwali hilo.

Nyongeza iliyowekwa kwa makusudi: mbinu ya ART, yaani kusafisha tundu kwa vifaa vya mkono na kuziba kwa saruji inayonata, bila mashine wala umeme, ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kabla ya kujaribiwa kwa upana Thailand na Zimbabwe. Hoja hiyo ina nguvu kuliko takwimu nyingi, maana ofisa hapewi tena kitu kigeni cha kuiga. Anakumbushwa cha nyumbani.

Wiki ya 3. Ramani ya meza

Swali la wiki: nani hasa ana kalamu? Jibu lilikuwa pana kuliko ilivyodhaniwa. Ofisi ya Makamu wa Rais ndiyo inayobeba mambo ya mazingira na mikataba yake. Wizara ya Afya ina mwongozo wa matibabu na orodha ya taifa ya dawa muhimu. TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, inasajili vifaa tiba, na kapsuli ya amalgamu ni kifaa tiba. Zebaki ya chupa ni kemikali, hivyo mlango wake ni kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Bohari ya Dawa ina katalogi. NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, ina kitita cha huduma na bei zake. Halmashauri, chini ya TAMISEMI, ndizo zinazopanga fedha za zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya. Baraza la Madaktari Tanganyika linasimamia taaluma yenyewe, na vyuo vina mitaala.

Rasimu ya awali ilikuwa barua moja yenye maombi 7, nakala kwa wote hao. Ilifutwa. Barua ya maombi 7 inapokelewa na kila ofisi kama barua ya ofisi nyingine. Kila mmoja anakuta ombi moja linalomhusu katikati ya sita yasiyomhusu, anaandika pembeni "kwa hatua zao", na safari inaishia hapo. Kanuni iliyowekwa: barua moja, ombi moja, kalamu moja.

Kalenda nayo ni sehemu ya ramani. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Halmashauri huandaa mipango yao kuanzia Desemba hadi Februari, na Bunge la bajeti hukaa Aprili hadi Juni. Ombi la fedha linalofika Mei ni ombi la mwaka unaofuata ule ujao. Mradi ulioanza Desemba umekuta dirisha la halmashauri limekwishafunguliwa. Mwenye kuanza kazi hii aanze Agosti.

Wiki ya 4. Karatasi ya gharama (na kwa nini mfamasia aliletwa)

Hapa ndipo muda mwingi ulipokwenda, na ulistahili.

Madaktari hukadiria gharama kwa jino. Watu wa ununuzi wanakadiria kwa kifungashio. Mtu wa kutafsiri lugha moja kwenda nyingine ni mfamasia. Bila yeye karatasi ya kwanza iliandika "glasi-ayonoma, chupa 1" na kuacha hapo.

Mfano wa hesabu. Aina moja ya glasi-ayonoma nzito inayotumika sana ina unga gramu 15, na uwiano wake ni gramu 3.6 za unga kwa gramu 1 ya maji yake. Kijiko kimoja kilichosawazishwa kinabeba karibu gramu 0.36, kwa tone 1. Chupa ya unga basi ina vijiko kama 40. Aliyeandika makadirio aliandika meno 40. Lakini gego lenye tundu la kawaida linakula vijiko 2, hivyo chupa ni meno 20. Halafu kuna upotevu, kwa sababu tone la kwanza lenye kiputo cha hewa linapaswa kutupwa, na chupa ikiinamishwa badala ya kusimamishwa wima kila tone linatoka na ukubwa wake. Makadirio ya mradi sasa ni meno 18 kwa seti. Kwa glasi-ayonoma ya kapsuli hesabu ni rahisi, kapsuli moja kwa tundu, ila bei iko juu na mashine ya kutikisia inahitajika.

Kosa la pili ndilo lililoharibu jina la glasi-ayonoma kwenye kliniki nyingi. Saruji hizi zipo za kubandikia kofia za meno, za kutandika chini ya kizibo, na za kuziba zenyewe. Agizo linalosema "glasi-ayonoma" tu linaweza kuletewa ya kubandikia, nyepesi kama uji. Inawekwa kwenye gego, mgonjwa anarudi baada ya miezi mitatu na shimo wazi, daktari anahitimisha kwamba glasi-ayonoma haifai. Kwa hiyo maelezo ya ununuzi yaliyoandikwa na kikundi yanasema: saruji ya glasi-ayonoma ya kuziba, nzito, inayokidhi kiwango cha ISO 9917-1 kwa saruji za kuziba (mkandamizo usiopungua megapaskali 100), rangi ya A3 au inayokaribia, ikiwa na kijiko chake, maji yake, kitabu cha kuchanganyia, na angalau miezi 18 kabla ya kuisha muda siku inapopokelewa. Mstari wa kijiko si wa mapambo. Kijiko cha aina moja kikitumika kwa unga wa aina nyingine, uwiano umeharibika.

Safu za karatasi ya gharama zilizobaki baada ya mabishano: kifaa, kifungashio, meno kwa kifungashio, upotevu, gharama kwa jino, dakika za kiti, na vinavyoambatana (asidi ya kusafishia tundu, pamba, ukanda wa kuzungushia jino, vaselini). Safu ya dakika za kiti nusura ifutwe. Imebaki, na wiki ya 13 itaonyesha kwa nini.

Wiki ya 5 na 6. Waraka wa kurasa 2

Mabingwa huandika kama wanaandikia mtahini. Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa 11. Ya mwisho ni karatasi moja, pande zote mbili, herufi ukubwa wa 12, Kiswahili, na takwimu nne tu. Ukurasa wa kwanza: tatizo, uamuzi unaoombwa, gharama, nani atekeleze. Ukurasa wa pili: maswali yanayotarajiwa na majibu yake.

Maneno yaliyobadilishwa baada ya kusomwa na karani wa halmashauri, ambaye ndiye msomaji sahihi kuliko profesa: "uozo wa meno" umekuwa "meno kutoboka", "urejeshaji" umekuwa "kuziba", "mbadala usio na zebaki" umebaki ulivyo, maana umeeleweka. Neno "sumu" limefutwa popote lilipogusa jino la mgonjwa. Sababu iko kwenye wiki ya 15.

Wiki ya 7. Barua na masjala

Fupi, ila bila haya hakuna kinachosogea. Barua iwe na kumbukumbu namba, anuani ya Katibu Mkuu au Mkurugenzi Mkuu kwa cheo na si kwa jina, YAH: yenye ombi lenyewe ("YAH: OMBI LA KUINGIZA GLASI-AYONOMA YA KUZIBA KWENYE KATALOGI", si "YAH: AFYA YA KINYWA NA MENO"). Mwandishi aliye mtumishi wa umma apitishe kwa mwajiri wake; mwajiri akikuta jina la mtumishi wake kwenye barua ambayo hakuiona, hoja inageuka kuwa ya nidhamu. Barua ya chama cha taaluma inaepusha hilo, hivyo mabingwa waliomo serikalini wanachangia yaliyomo na chama kinasaini.

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na irudi. Andika jina la jalada lilikoingizwa. Baada ya siku 10 za kazi unafuatilia jalada, si barua: "jalada namba fulani liko kwa nani?" Barua pepe pekee haitoshi, isiyo na folio (namba yake ndani ya jalada) haipo.

Wiki ya 8. Kikao cha kwanza

Kikao cha dakika 40 na ofisi moja ya serikali. Dakika 25 za kwanza zilikwenda kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Ukitamka zebaki Tanzania, mtu anaiona Geita, anaona sufuria na moto, na hakosei, kwani huko ndiko zebaki nyingi inakotumika. Daktari wa meno akiingia na kapsuli yake anaonekana kama anayelalamikia tone mbele ya bahari.

Njia iliyosaidia ni kukubali jambo hilo mwanzoni kabisa, kisha kuunganisha. Zebaki ya chupa iliyoingizwa nchini kwa jina la meno imekutwa ikiishia machimboni katika nchi kadhaa. Kufunga mlango wa zebaki ya chupa kwa madaktari wa meno ni kufunga kichochoro hicho. Kapsuli haina mvuto kwa mchimbaji: kapsuli 50 za ukubwa wa kwanza, kila moja ikiwa na miligramu 400 za unga wa metali na zebaki karibu sawa na hiyo, zina zebaki gramu 20 tu, tena zimefungwa mojamoja. Hoja hii imehamishiwa aya ya kwanza ya waraka.

Wajumbe wasizidi watatu. Mmoja anasema, mmoja anaandika, mmoja anajibu ya kitaalamu. Slaidi hazikutumika. Vilipelekwa kapsuli tupu, seti ya glasi-ayonoma na jino la plastiki, na ofisa alichanganya saruji mwenyewe mezani. Muda huo ndio uliokumbukwa.

Wiki ya 9 na 10. Upinzani wa ndani

Upinzani mzito haukutoka serikalini, umetoka kwa madaktari wa meno. Na hoja zao si za kupuuza. Amalgamu inavumilia mate, haihitaji taa ya umeme ili igande, inadumu kwenye gego lenye tundu la pande mbili au tatu, na kila tabibu meno anaijua. Kompoziti inadai tundu kavu, taa ya kuigandisha, na mikono iliyozoea; umeme ukikatika katikati ya tabaka la pili, kazi imeharibika. Glasi-ayonoma inafanya vizuri kwenye tundu la upande mmoja, na dhaifu zaidi kwenye la pande mbili.

Mabingwa wawili wa kikundi walitaka waraka useme kwamba glasi-ayonoma ni sawa na amalgamu kila mahali. Sentensi hiyo haikupita. Ukiiandika, daktari wa wilaya aliyeona vizibo vikivunjika anaacha kuamini na yale ya kweli. Iliyobaki: watoto na tundu la upande mmoja, glasi-ayonoma, gego la mtu mzima lenye pande mbili na zaidi, kompoziti palipo na taa na umeme wa uhakika, au glasi-ayonoma nzito kwa makubaliano kwamba itakaguliwa na kuongezwa, jino la utoto lililotoboka kwa mtoto asiyetulia, floraidi ya fedha ya asilimia 38, mzazi akielezwa mapema kwamba doa litakuwa jeusi. Mzazi asiyeelezwa hurudi na malalamiko, na ana haki.

Pia kuna suala la wauzaji. Kampuni inayouza vifaa ikijitolea kulipia ukumbi, kikundi kinakataa, hata chai. Anayeuza glasi-ayonoma akilipia kikao cha kuondoa amalgamu, ofisa wa ununuzi ana sababu nzuri ya kulifunga jalada. Daftari la zawadi na maslahi liko wazi na linasainiwa na wote 7 kila mwezi.

Wiki ya 11 na 12. Mikono kwenye kliniki

Uchechemuzi bila ustadi kliniki ni kumwahidi mtu chakula na kumpa sufuria. Mafunzo ya siku 1 yameandaliwa kwa tabibu meno na madaktari, na mengi yaliyoharibika yanatokana na joto na unyevu wa pwani.

Unga unavuta unyevu. Kifuniko kibaki wazi nusu saa Tanga au Dar es Salaam na tayari umeanza kuharibika. Chupa itikiswe kidogo kabla ya kupima ili unga uwe mwepesi, kijiko kisawazishwe kwa ukingo wa plastiki. Chumba kikiwa cha nyuzi 30 saruji inaganda haraka, hivyo kuchanganya kuishe ndani ya sekunde 20 hadi 30, na iwekwe tunduni ikiwa bado inang'aa. Ikishapoteza mng'ao hainati tena, itupwe. Kioo cha kuchanganyia kilichopozwa husaidia, mradi kisiwe na umande, maana maji ya ziada yanaifanya saruji kuwa dhaifu.

Kabla ya kujaza, tundu linapakwa asidi laini kwa sekunde 10 hadi 15, linaoshwa, linakaushwa kwa pamba bila kukaushwa kupita kiasi. Kidole chenye glavu iliyopakwa vaselini kinakandamiza saruji sekunde kadhaa, kisha kidole kinavutwa kando, si juu. Mgonjwa asitafune kwa upande huo kwa saa 1. Wanaosahau kukagua meno yanavyokutana wanapata kizibo kilichovunjika wiki ileile.

Ramadhani imeanza katikati ya wiki ya 12. Wagonjwa wa pwani wanaahirisha matibabu ya mchana kwa kuhofia kumeza maji au dawa, hivyo takwimu za wiki hizi zisilinganishwe na za Januari.

Wiki ya 13. Bima

Hii ndiyo meza iliyopaswa kuendewa mapema.

Jino moja linaloweza kuzibwa linaweza pia kung'olewa. Kung'oa kunahitaji ganzi, mara nyingi katriji moja ya mililita 1.8, koleo, pamba, na muda mfupi wa kiti. Kuziba kwa glasi-ayonoma kunahitaji saruji, vifaa na karibu mara mbili ya muda. Bei za malipo zikiwa karibu sawa, kiti kinamvuta daktari kwenye koleo bila yeye kuwa na nia mbaya. Sasa ondoa amalgamu kwenye rafu, usiongeze glasi-ayonoma, na usiguse bei. Matokeo yake ni mapengo. Zebaki imetoka kinywani pamoja na jino.

Ndiyo maana safu ya dakika za kiti imebaki. Ombi lililoandikwa ni moja: malipo ya kuziba yahesabiwe kwa idadi ya pande za jino (upande 1, pande 2, pande 3), na si kwa aina ya kizibo, bei ikikokotolewa kutokana na kifaa na dakika. Hii inaendana na ile hatua ya Minamata ya bima kutoipendelea amalgamu, na haimlazimu mlipaji kufungua mstari mpya kila kifaa kipya kinapokuja sokoni. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inafanya ombi hili liwe na wakati wake: kitita kinachopangwa vibaya sasa kitawafikia watu wengi zaidi.

Tahadhari iliyochukuliwa ni ya lugha. Machi 2024, kitita kipya cha NHIF kilipoanza, hospitali binafsi zilipinga bei hadharani. Kikundi cha mabingwa kinachoingia na neno "bei" kinasikika kama muendelezo wa mvutano ule. Waraka wa bima kwa hiyo unaanza na hesabu ya mlipaji: jino lililong'olewa leo linadai meno bandia kesho, au meno ya jirani yanahama na kudai matibabu mengine.

Wiki ya 15 na 16. Redio

Machi 20 ni Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani. Mwaka huu imeangukia mwishoni mwa Ramadhani, ratiba za redio zimejaa maandalizi ya Idi, hivyo vipindi vilirekodiwa wiki ya 15.

Hatari kubwa ya kazi yote iko hapa. Mtangazaji anapenda kichwa cha habari kinachotisha. Msikilizaji akisikia "zebaki mdomoni", anakwenda kliniki kutaka vizibo vyake visivyo na tatizo vitolewe. Kukitoboa kizibo cha amalgamu kisicho na tatizo kunaachia mvuke wa zebaki na kunakula sehemu ya jino ambayo haijaharibika, na kliniki inapoteza saa ambazo zingeziba matundu ya watoto. Sentensi ya lazima, inayosemwa mwanzoni na mwishoni mwa kila kipindi: "Kama una jino lililozibwa kwa kizibo cha rangi ya fedha na halikusumbui, liache lilivyo." Msemaji asiyekuwa tayari kuisema hapelekwi hewani. Kipindi kimoja kilihaririwa na sentensi ikakatwa. Tangu hapo inaombwa nakala ya mwisho kabla ya kurushwa, au kipindi kiende moja kwa moja.

Wiki ya 17 na 18. Taka zilizopo

Kukomesha 2034 hakuondoi zebaki iliyoko kwenye madroo leo. Orodha ya ukaguzi wa kliniki ni ya ukurasa 1. Mabaki ya amalgamu, kapsuli zilizotumika, kilichonaswa na kichujio cha kiti na meno yaliyong'olewa yakiwa na vizibo, vyote viingie kwenye chombo kigumu cha mfuniko unaobana chenye lebo. Visichomwe, kwa sababu moto unaigeuza zebaki kuwa mvuke. Sanduku la sindano na mfuko wa taka za kuambukiza vinakwenda kwenye tanuri, hivyo si mahali pake. Mipira ya kunyonya mate isisafishwe kwa dawa yenye klorini, inayeyusha zebaki na kuipeleka kwenye bomba. Mtambo wa kutenganisha amalgamu unaokidhi ISO 11143 unanasa angalau asilimia 95, ila kliniki isiyo na mashine ya kunyonya, ambako mgonjwa anatema kwenye bakuli, inahitaji kwanza chujio la bakuli.

Chupa ya zebaki iliyosahaulika kabatini haimwagwi chooni wala haipewi mtu. Mililita 10 zina uzito wa gramu 136, kwa hiyo chupa ndogo inadanganya. Inaorodheshwa, inafungwa, inakaa ndani ya chombo cha pili, na inasubiri mkusanyaji mwenye kibali cha taka hatarishi.

Wiki ya 20. Hali ilivyo

Barua 6 zimegongwa muhuri, majalada 4 yanajulikana yaliko. Maelezo ya ununuzi yamefika toleo la 5, kwa kuongezewa neno "nzito" lililokuwa limeanguka kwenye toleo la 4. Halmashauri zilizokwishafunga mipango yao zitaendewa tena Agosti, zikiwa na karatasi ya gharama iliyorekebishwa kwa bei za Julai. Hesabu ya kila mwezi inayoombwa kutoka kliniki shiriki ina namba tatu: meno yaliyozibwa, kwa kifaa gani, na meno yaliyong'olewa. Namba ya tatu ikipanda huku amalgamu ikishuka, barua ya kukomesha inasimamishwa kwenye halmashauri hiyo mpaka rafu ijazwe. Fomu ya toleo la kwanza ilikosa nafasi ya kuandika umri. Inachapishwa upya, nakala 60.